Wanaonunua santuri Tabora wanatupa zilizo adimu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu biashara mpya iliyoingia mitaani kwetu hapa Tabora, biashara ya kununua santuri za kale, kwa sababu naona inafanywa kwa pupa na bila ujuzi, na anayeuza anapata hasara sawa na anayenunua. Tangu habari ilipoenea kwenye simu za watu kwamba sahani moja ya zamani iliuzwa Marekani kwa maelfu ya dola, vijana wenye mikoba wamekuwa wakipita Isevya, Gongoni, Kanyenye na Ng'ambo wakiuliza katika kila nyumba yenye mzee kama kuna santuri zilizobaki. Wakizipata huzigeuzageuza juani mojamoja, huchukua zinazong'aa, na zile zilizokwaruzika huziacha ukumbini au, kama nilivyoona kwa macho yangu kwa jirani mwezi uliopita, huzitupa jalalani ili kupunguza uzito wa mkoba. Malalamiko yangu ni kwamba wanatupa zile ambazo wangepaswa kuzitazama kwanza.

Mimi ni mstaafu wa reli. Miaka mingi nilikaa katika ofisi ya vifurushi ya stesheni ya Tabora, na mapenzi ya santuri niliyarithi kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ambayo yeye na rika lake waliiita kinanda, na sahani zake wakaziita sahani za kinanda. Ni sahani hizo ninazozisemea hapa, zile nyeusi na nzito, nyingi zikiwa na upana wa inchi 10, zinazozunguka mara 78 kwa dakika na kumaliza upande mmoja kwa dakika 3 hivi, na zikianguka huvunjika kama kigae. Hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa unga wa mawe ulioshikanishwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India, na utomvu huohuo ulitumika katika lakiri tuliyokuwa tukiiyeyusha kwa mshumaa na kuipigia mhuri juu ya vifurushi vya thamani. Ndiyo maana hadi leo nikinusa santuri iliyokaa juani hukumbuka meza yangu ya kazi.

Habari ya zile dola ni ya kweli, ila imetufikia ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Mwaka 2013 mkusanyaji wa Kimarekani, John Tefteller, alilipa dola 37,100 kwa santuri moja ya Tommy Johnson, mwimbaji wa Mississippi, iliyotolewa na kampuni ya Paramount. Muziki wenyewe ni bluzi, yaani nyimbo za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, mara nyingi mtu mmoja na gitaa lake, na wakusanyaji huzithamini zaidi zile zilizorekodiwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliosambaza habari hiyo walitaja umri wa sahani na bei yake, basi. Hawakusema kwamba nakala zilizokuwa zikijulikana za santuri hiyo zilikuwa 2 tu, wala hawakueleza imekuwaje kitu kilichochapishwa kiwandani kibaki na nakala mbili duniani. Na hapo ndipo penye somo kwa mtu anayebeba mkoba mitaani kwetu.

Paramount ilikuwa mtoto wa kiwanda cha viti. Kampuni ya Wisconsin Chair Company, ya mji wa Port Washington katika jimbo la Wisconsin, ilikuwa ikitengeneza makabati ya gramafoni, ikaona heri iuze na sahani za kuchezwa humo, kama seremala anayeuza kitanda akaona auze na godoro lake. Mwaka 1922 ilianzisha mfululizo wa santuri zilizopewa namba za 12000 na kuendelea, uliowalenga wanunuzi weusi, mwaka 1926 ikapata soko kubwa kwa Blind Lemon Jefferson, mpiga gitaa kipofu wa Texas, na kuanzia mwaka 1929 ikawa na studio yake katika mji mdogo wa Grafton, ambako walirekodiwa akina Charley Patton, Son House na Skip James. Ubora haikuujali. Mchanganyiko wa sahani zake ulikuwa wa bei ya chini kiasi kwamba ziliunguruma tangu siku zilipotoka kiwandani. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka. Santuri ilikuwa ikiuzwa senti 75, na mkulima wa pamba wa Mississippi ambaye bei ya zao lake imeporomoka hakuwa na senti 75 za kuchezea, kwa hiyo rekodi za Son House za mwaka 1930 na za Skip James za mwaka 1931 zilitoka wakati wanunuzi wamekwisha kutoweka, zikachapishwa chache, na mwaka 1932 kampuni ikaacha kurekodi. Vibao vya madini, ambavyo ndivyo mhuri wa kuchapia santuri na ambavyo vingeweza kutoa nakala mpya wakati wowote, vingi viliuzwa kama chuma chakavu.

Kilichobaki kilimaliziwa na vita. Lakiri, yaani ule utomvu wa wadudu, ilitoka mbali, meli zilikuwa hatarini baharini, na jeshi nalo liliihitaji kwa kazi zake, hivyo mwezi Aprili 1942 serikali ya Marekani iliamuru matumizi ya lakiri viwandani yapunguzwe kwa asilimia 70, na wananchi wakahimizwa kutoa santuri zao kuukuu zikasagwe upya. Sahani ngapi za bluzi zilisagwa pamoja na nyingine hakuna awezaye kuhesabu, kwa kuwa hakuna aliyesimama kwenye lundo akisoma majina.

Sasa tazama ni nakala zipi zilizookoka. Ziliokoka zile zilizokuwa majumbani mwa watu waliozipenda, zikachezwa Jumamosi baada ya Jumamosi kwa sindano ya chuma ambayo ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja unapokwisha, lakini ambayo mtu asiye na fedha, awe wa Mississippi au wa Tabora, aliitumia mpaka ikawa butu kama kijiti. Sindano ya namna hiyo hukwangua mfereji wa sauti kila inapopita. Ndiyo maana sauti ya Patton tunayoisikia leo hutoka nyuma ya mvumo kama wa mvua juu ya bati: vibao vya madini havipo, na kwa baadhi ya nyimbo zake nakala safi haikupatikana, ikabidi dunia iridhike na iliyochakaa. Iko na santuri ya Willie Brown, mwenzake Patton, ambayo inajulikana kwa namba yake na majina ya nyimbo zake tu, na wakusanyaji wameitafuta miongo mingi bila kuitia machoni. Ikitokea kesho ikiwa na ufa na mikwaruzo kama uso wa barabara ya kokoto, hakuna mkusanyaji atakayeitupa jalalani.

Kwa upande mwingine, santuri inayong'aa baada ya karibu miaka mia moja mara nyingi ni ile ambayo hakuna aliyeipenda. Mpwa wangu, ambaye naye ameingia katika biashara hii na ambaye sitamtaja asije akanuna, aliniletea kwa majivuno sahani tatu safi kama zimetoka dukani jana. Mbili zilikuwa za mafunzo ya kutamka Kiingereza, na ya tatu ilikuwa ya mwimbaji wa opera wa Italia, Enrico Caruso, ambaye sahani zake ziliuzwa kwa wingi usiosemeka, hata leo mtu anaweza kuzipata Ulaya na Marekani kwa bei ya soda. Umri peke yake haumtajirishi mtu. Santuri hupanda bei pale ambapo waliochapa walichapa chache, waliochezesha walichezesha sana, na nakala zilizonusurika na moto, mchwa na usagaji hazifiki idadi ya vidole vya mkono. Hali bora huongeza bei, hilo silikatai, kwani hata ile ya Tommy Johnson isingefika hapo kama ingekuwa haichezeki. Lakini kwanza iwe adimu, ndipo hali yake iulizwe.

Na uadimu hausomwi kwa kung'aa, husomwa kwa namba. Kila santuri ina namba ya katalogi kwenye lebo, na nyingi zina namba nyingine iliyochongwa au kugongwa katika sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo, au chini ya karatasi ya lebo yenyewe, ambapo huhisiwa kwa ukucha na kuonekana mtu akiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha. Hiyo ya pili ndiyo namba ya kurekodiwa. Inaonyesha wimbo ulirekodiwa katika mfuatano gani, na wakati mwingine herufi au tarakimu inayoifuata huonyesha ni mara ya ngapi mwimbaji alipourudia. Robert Johnson, ambaye wengi wanamjua kuliko hao wote niliowataja, alirekodi nyimbo 29 tu katika maisha yake, mwezi Novemba 1936 mjini San Antonio na mwezi Juni 1937 mjini Dallas, na kadhaa kati ya hizo aliziimba zaidi ya mara moja mbele ya kipaza sauti. Kwa hiyo sahani mbili zenye lebo inayofanana zinaweza kuwa na uimbaji tofauti, na asiyejua kusoma namba hiyo hawezi kujua anauza nini.

Lipo jambo jingine linalotupwa pamoja na sahani zilizokwaruzika, nalo ni maneno ya mwenye sahani. Katika miaka ya 1960 mtu mmoja wa Mississippi, Gayle Dean Wardlow, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya watu weusi akiulizia santuri kuukuu, kama hawa vijana wetu wanavyofanya sasa. Tofauti yake ni kwamba hakuishia kununua. Aliuliza nani alikuwa akiimba hapa, alikwenda wapi, amezikwa wapi, akafuatilia hata kwenye kumbukumbu za serikali, na mwaka 1968 akaipata hati ya kifo cha Robert Johnson, ambayo ilionyesha kwamba alifariki tarehe 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibahatisha. Na miaka mitano nyuma yake kuna kisa cha Mississippi John Hurt, aliyerekodi santuri zake kwa kampuni ya Okeh mwaka 1928 kisha akarudi shamba akasahaulika. Katika mojawapo ya nyimbo hizo alitaja kwamba kwao ni Avalon. Wapenzi wa bluzi waliposikia neno hilo kwenye sahani kuukuu wakatafuta ramani, na mwaka 1963 kijana mmoja alikwenda Avalon, Mississippi, akamkuta mzee yu hai, akamwambia sababu ya safari. Hurt aliimba mbele ya maelfu ya watu hadi alipofariki mwaka 1966. Kama nakala ile ingekuwa imeachwa kwa sababu ina mvumo, mzee yule angekufa akiwa mchunga ng'ombe asiyejulikana nje ya kijiji chake.

Sitaki pia kuwapamba wakusanyaji wa Marekani kuliko wanavyostahili. Wengi wao walinunua kwa senti chache kutoka kwa akina mama wajane sahani ambazo baadaye waliziuza au kubadilishana kwa fedha nyingi, na waimbaji wenyewe walikuwa wamelipwa mara moja tu siku ya kurekodi, basi, familia zao zisione kitu. Kwa hiyo siwalaumu vijana wetu kana kwamba wao ndio walioanzisha dhuluma hii. Ninasema tu kwamba hata katika uchoyo, wale walikuwa na daftari.

Mtu atauliza, bluzi ya Mississippi inaingiaje Tabora? Sitegemei kwamba kuna sahani ya Paramount ndani ya sanduku la mtu hapa Cheyo, ingawa nikiiona sitashangaa sana, kwa maana reli ilileta mengi. Ninachokisema ni kwamba sisi tunazo zetu za umri uleule. Mwezi Machi 1928, mwaka ambao Hurt alirekodi na ambao reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, Siti binti Saad wa Unguja alikuwa Bombay na wenzake wakirekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili kwa lebo yenye picha ya mbwa anayesikiliza honi. Sahani hizo zilipendwa mno pwani, na kutoka pwani zikapanda treni. Baba yangu alikuwa nazo mbili, akazicheza mpaka mifereji ikawa ya kijivu badala ya nyeusi, na leo dalali angezipita bila kuzigusa. Sauti za Wanyamwezi wenyewe zilichukuliwa mapema zaidi, enzi za Wajerumani, kwa silinda za nta, na mwaka 1909 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel alichapisha makala juu ya nyimbo hizo. Silinda za aina hiyo ziliwekwa katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, tena zikatunzwa vizuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, naye alizunguka Tanganyika na mashine zake akirekodi ngoma na nyimbo, zikiwamo za huku kwetu. Mtu wa Tabora akitaka kusikia babu zake wakiimba hana budi kuwauliza Wajerumani au watu wa Afrika Kusini. Sahani chache zilizomo ndani ya masanduku yetu ndizo pekee zilizo mikononi mwetu, na hizo ndizo zinazochambuliwa kwa kigezo cha kung'aa.

Niongeze angalizo kwamba zile ndogo za plastiki zenye nyimbo za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na bendi nyingine za mji huu ni za enzi ya baadaye, huzunguka mara 45, na zinastahili barua yake. Nazitaja hapa kwa sababu nimeona zikichezwa kwa sindano nzito ya chuma ya gramafoni, na huko ni kuziua.

Kwa mwenye santuri za lakiri nyumbani, naomba afanye haya kabla ya kumfungulia dalali mlango. Asizisafishe kwa spiriti hata kidogo, maana spiriti huyeyusha lakiri, na sahani iliyookoka karibu miaka mia inaweza kufa kwa dakika moja. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali na kitambaa laini vinatosha, mradi lebo isilowe na sahani ikaushwe mara moja. Asizilaze kwa lundo chini ya dari ya bati, kwa sababu joto la mwezi wa Oktoba hapa kwetu huzipinda kama chapati. Azisimamishe wima kama vitabu rafuni, kila moja na karatasi yake, mbali na ukuta wenye mchwa. Asizicheze ovyo. Mfereji wa sahani hizi ni mpana kuliko wa santuri za plastiki, na sindano ya mashine za kisasa huelea chini kabisa ya mfereji na kuchukua vumbi badala ya sauti, kwa hiyo atafute mwenye sindano pana inayofaa, arekodi kwa simu kama hana njia nyingine, na asiicheze tena mpaka iwe lazima. Kisha aandike kwenye karatasi namba zote mbili, jina la aliyeinunua, duka au mji ilikonunuliwa kama anaukumbuka, na nani alikuwa akiicheza katika shughuli gani. Karatasi hiyo akae nayo. Akitaka kuuza baada ya hapo na auze, mali ni yake, ila atakuwa anauza kitu anachokijua, na hata dalali mwenyewe atapata bei bora kwa sahani yenye historia kuliko kwa sahani yenye mng'ao.

Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba gazeti litenge kipande kidogo cha ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, ambapo wasomaji wa Tabora, Kigoma, Mwanza na kwingineko watapeleka namba za santuri walizonazo na majina ya waimbaji, ili tujue ni zipi zimebaki nyingi na zipi imebaki moja.

Mimi naanza. Ninayo sahani moja ambayo karatasi ya lebo imeliwa na mende pande zote mbili hadi hakuna herufi inayosomeka, na ya namba iliyochongwa zimebaki tarakimu mbili za mwisho, 4 na 7. Ina mkwaruzo mrefu kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, kwa hiyo sindano hugonga kila inapozunguka. Anaimba mwanamke kwa Kiswahili cha Unguja, nyuma yake kuna udi, fidla na dafu, na katika beti za mwisho sauti ya mwanamume humwitikia. Si mojawapo ya zile mbili za Siti nilizozitaja. Sauti ni nyembamba zaidi. Marehemu mama yangu aliujua wimbo huo wote na alikuwa akiuimba akipepeta mchele, nami sikuwahi kumuuliza ni wa nani. Ikiwa yuko msomaji mwenye sahani kama hiyo yenye lebo nzima, au anayekumbuka mwimbaji mwanamke wa enzi hizo aliyeitikiwa na mwanamume mwishoni, naomba anijibu kupitia ukurasa huu.

Mstaafu wa Reli,
Isevya, Tabora.